Baba, nikifeli utaninyamazia siku ngapi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 11. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, na hii nimeifuta mara tatu kabla haijafika hapa. Naandika usiku, wenzangu wote wamelala.

Binti yangu amekuwa mwanafunzi hodari tangu darasa la kwanza. Hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu. Hisabati alikuwa akipata 90 na zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye mezani kila jioni tukipitia maswali, na sitaficha, hizo zilikuwa saa zangu tamu kuliko zote. Alipokuwa mdogo, akileta ripoti nzuri nilimbeba juu juu nyumba nzima. Alipokua, nikawa kila ripoti inapokuja namtoa matembezi, mimi na yeye tu. Ndugu na marafiki zetu wote wanamjua kwa alama zake.

Muhula uliopita alikuwa wa 17. Hisabati alipata 58. Sikumpiga, Shangazi. Sikumtukana wala sikupaza sauti. Niliitazama ile ripoti, nikaikunja, nikamrudishia, nikaenda zangu chumbani. Baada ya hapo sikuzungumza naye kwa siku tisa. Si kwamba nilizipanga ziwe tisa. Kila asubuhi nilijiambia jioni nitaongea naye, na jioni nikimwona nashikwa na uchungu, naona kama yote tuliyoyafanya yamemwagika, nanyamaza tena. Nikiwa na neno nalipitisha kwa mama yake: mwambie afunge dirisha, mwambie kesho aamke mapema. Akinisalimia naitikia kwa kichwa.

Siku ya kumi hasira ikaisha. Nikanunua simu aliyokuwa akiiomba karibu mwaka mzima, nikamwekea mezani kwake bila kusema kitu, nikidhani ataelewa. Alinijia nayo sebuleni ikiwa ndani ya boksi, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Baba, hii ni ya muhula ujao?" Nikamwambia hapana, ni yako. Akasema asante, akarudi nayo. Huu ni mwezi wa pili. Boksi liko juu ya kabati lake na plastiki yake haijachanwa.

Tangu siku hiyo nikimwambia lolote jibu ni "sawa, baba". Anarudi, anasalimia, anaingia chumbani, mlango unafungwa. Juzi amepanda, amekuwa wa tisa, Hisabati 71. Hakuniletea ripoti mkononi. Niliikuta juu ya mto wangu wa kulalia, kama mtu aliyeacha stakabadhi ya deni alilokwisha kulipa. Mwalimu wake anasema uwezo anao ila anapoteza muda akichorachora pembezoni mwa madaftari.

Hayo yote pengine ningeyavumilia nikasema ni umri. Lakini wiki iliyopita nilikuwa namsaidia mdogo wake kufunga kamba za viatu, akaniuliza: "Baba, mimi nikifeli utaninyamazia siku ngapi?" Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua basi linaondoka saa ngapi, ajipange.

Shangazi, mimi nampenda binti yangu. Hata katika zile siku tisa, usiku nilikuwa nikienda kusimama nje ya mlango wake kusikiliza kama amelala. Baba yangu mzazi alitulea hivi hivi. Akikasirika, nyumba nzima inazizima, nasi tukanyooka, na leo nimefika nilipofika. Nilifundishwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mke wangu anasema nimemvunja moyo mtoto. Nami nina hofu yangu: nikimwonyesha kwamba nampenda hata akifeli, si nitakuwa nimempa ruhusa ya kufeli? Nifanye nini ajue kwamba nampenda bila masharti, na wakati huo huo nisimharibu?

Wako,
Baba Nje ya Mlango

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Nimejua kwamba binti yako hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu, kisha akawa wa 17, na sasa ni wa tisa. Hisabati yake nimeijua: 90, 58, 71. Lakini sijui anacheka na nani. Sijui anaogopa nini, wala ni kitu gani kikimpata anakuwa na furaha mpaka anasahau kulala. Na jambo moja limenikaa kooni tangu nilipoifungua barua: mtoto aliyekuwa juu miaka yote ameporomoka ndani ya muhula mmoja, na katika barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza, "Mwanangu, kulikuwa na nini?"

Sisemi haya nikuumize. Nayasema kwa sababu swali lako linaanzia hapo. Kitu fulani kilitokea muhula ule. Huenda ni urafiki uliovunjika, huenda ni kuonewa, huenda amechoka tu kuwa mtoto wa alama, huenda somo lenyewe limekuwa gumu na akaona haya kukwambia baba aliyezoea kumwona akiliweza. Siwezi kujua. Wewe ungeweza kujua, lakini siku ambayo angekuambia, ulikunja karatasi ukaenda chumbani.

Kwamba unampenda, silitilii shaka. Mtu asiyempenda mwanawe hasimami gizani kusikiliza pumzi zake. Ila kumbuka ulikuwa upande gani wa mlango. Upendo wa usiku yeye hakuuona. Alichokiona ni asubuhi, salamu yake ikiitikiwa kwa kichwa. Hebu hesabu kama anavyohesabu yeye. Zile saa tamu za mezani zilikuwa za maswali ya Hisabati. Kubebwa juu juu kulikuja na ripoti. Matembezi ya wawili yalikuja na ripoti. Ripoti ilipobadilika, baba akatoweka siku tisa naye yumo humo humo ndani. Siku ya kumi ikaja simu. Ndiyo maana akakuuliza kama ni ya muhula ujao. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alitaka kujua amelipwa kwa kazi gani, maana anavyojua yeye ile ya muhula uliopita hakuifanya, basi lazima hii ni ya ile inayokuja. Na akiichana plastiki, ameukubali mkataba.

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alieleza kwamba mtoto anayeonyeshwa thamani yake pale tu anapotimiza jambo fulani hulichukua sharti hilo likawa lake. Hata mzazi asipokuwepo, anajipima nalo. Hili ndilo linaloniogopesha kwa binti yako kuliko ule mlango kufungwa. Leo anadhani baba hampendi akifeli. Miaka michache ijayo, usipobadilika, atakuwa hajipendi yeye mwenyewe akifeli, na wewe hutakuwepo kumwondolea hukumu hiyo.

Unasema njia hii ilikunyoosha. Ni kweli, inanyoosha, na sitakudanganya kwamba haifanyi kazi. Mwaka 2004 watafiti watatu, Avi Assor, Guy Roth na Edward Deci, walichapisha uchunguzi juu ya wazazi wanaoongeza upendo mtoto anapofanya wanachotaka na kuupunguza asipofanya. Wanafunzi wa chuo walioulizwa kuhusu malezi yao walionyesha kwamba ndiyo, mtoto anatekeleza. Lakini anatekeleza kama aliyesukumwa kutoka ndani, furaha ya kufaulu haimkai, akikosea anaona aibu nzito, na moyoni ana kinyongo na mzazi. Na kuna sehemu ya pili ya kazi yao ambayo nakuomba uisome polepole: walipowaangalia akina mama wenye mabinti wakubwa, waliona kwamba mama aliyelelewa kwa upendo wa masharti, aliyeumizwa nao yeye mwenyewe, alielekea kuutumia huo huo kwa binti yake.

Kwa hiyo nakuuliza kuhusu baba yako mzazi, popote alipo. Ulinyooka, sawa. Ulipopata tatizo kubwa la kwanza la utu uzima, lile la kukukosesha usingizi, ulimpelekea yeye? Au ulihakikisha asijue mpaka umelimaliza? Jibu hilo si langu, baki nalo. Binti yako ana miaka 15. Matatizo makubwa ya maisha yake yako mbele, na sasa hivi, chumbani mle, anaamua atayapeleka kwa nani.

Na yule samaki. Methali hiyo naipenda, lakini itazame vizuri. Anayemkunja samaki amemshika mkononi. Hakuna samaki anayekunjika kwa kuachwa peke yake juu ya jiwe. Siku zile tisa hukuwa unamkunja mtoto, ulikuwa umemwachia. Kwa Kiswahili cha nyumbani ulimnunia, na kununa si adabu unayompa mtoto. Ni uchungu wako uliomtwisha aubebe.

Sasa hofu yako ya ruhusa. Naiheshimu, kwa sababu ni hofu ya mzazi anayejali, na kwa sababu wapo wazazi wanaosema "nampenda bila masharti" wakimaanisha wamechoka kumwongoza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hilo nalishikilia. Lakini tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind alipoanza kuchunguza namna wazazi wanavyolea, jambo moja limeonekana tena na tena: watoto wanaokua vizuri zaidi si wa wazazi wakali tu wala wa wazazi walegevu tu, ni wa wale wanaoweka pamoja ukunjufu na msimamo. Nyumba inaweza kuwa na sheria kali kabisa na mtoto asiwe na shaka hata dakika moja kwamba anapendwa. Saa ya kurudi iwe saa ya kurudi. Kazi za shule zifanywe. Akivunja sheria, kuna adhabu aliyoijua tangu mwanzo, ina kipimo, ina siku ya kuisha, na wakati anaitumikia bado unamwambia usiku mwema na bado unamwita akae nanyi. Mwanao wa miaka 11 ameliona kosa la adhabu yako kuliko watu wazima wote wa nyumba hiyo. Ameuliza siku ngapi. Kununa hakuna idadi. Mtoto anaamka kila asubuhi akiusoma uso wako ajue kama leo amesamehewa.

Upendo usitumike kama fimbo, na usitumike kama tuzo pia. Hili la pili ndilo gumu kwa wazazi kama wewe, wenye moyo mwema. Mwaka 2009 Roth na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa shule, wakaona kwamba kunyimwa upendo kwa sababu ya masomo kulikwenda pamoja na kinyongo na kuyapa masomo kisogo. Lakini kumiminiwa upendo wa ziada kwa sababu ya kufaulu nako kulikuwa na gharama yake: mtoto alisoma kwa kubanwa, akikimbiza alama, bila kulipenda somo. Kwa hiyo yale matembezi yenu, usiyafute. Yaondoe kwenye ripoti. Mtoe siku ya katikati ya wiki isiyo na maana yoyote, siku ambayo hakuna alichokifanya. Atashangaa. Atauliza, "Kuna nini?" Mwambie hakuna kitu, nimetaka tu kukaa na wewe. Mara ya kwanza hataamini. Mara ya nne ataanza kusahau kuuliza.

Lakini kabla ya matembezi kuna deni. Yeye amelipa lake, ameliacha juu ya mto wako. Lako bado.

Muombe msamaha. Wazazi wengi hapa hushtuka, wakidhani heshima itaporomoka. Sijawahi kuona heshima ya mzazi ikiporomoka kwa kukiri alichokosea. Nimeiona ikiporomoka kwa kukana kitu ambacho nyumba nzima imekiona. Usimtume mama yake. Hilo la kupitisha maneno kwa mke wako likome leo, linamchosha yeye na linamfundisha binti kwamba hastahili kuzungumzishwa. Wala usimwite sebuleni mkae mkitazamana kama kwenye kikao. Vijana wa umri huo huongea vizuri zaidi mkiwa bega kwa bega, mnatembea, mnaosha vyombo, mko safarini, macho yakiwa na kazi nyingine. Na wengi hufunguka usiku. Si ukaidi: katika ujana saa ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja, na mtoto ambaye saa kumi alasiri alikuwa gogo anakuwa mtu kamili saa tatu na nusu usiku. Ukimkuta yuko macho saa hiyo, una nafasi. Usiimalize yote, maana bado anahitaji saa nane mpaka kumi za kulala.

Maneno yawe machache. Ningesema hivi, nawe uyageuze yawe yako: "Muhula ule uliporudi na ripoti, nilikunyamazia siku tisa. Lilikuwa kosa langu. Nilikuwa na uchungu, na badala ya kuubeba mwenyewe nikakubebesha wewe. Hukustahili. Sikukuuliza hata kilichokupata. Siku ukitaka kunieleza, nitasikiliza." Ukifika hapo, funga mdomo. Usiseme "lakini". Usiseme "hata hivyo na wewe ungejitahidi". Neno moja la aina hiyo linafuta yote yaliyotangulia, na vijana wanalisikia likiwa bado mbali.

Naye atakujibu nini? "Sawa, baba." Jiandae kwa hilo na usivunjike moyo. Haimaanishi hakusikia. Anasubiri kuona kama utayarudia kwa matendo, na ana haki ya kusubiri. Kumbuka pia kwamba mwili wake unampeleka nje. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba ubongo wa watoto wadogo huvutiwa zaidi na sauti ya mama, lakini kuanzia umri wa miaka 13 hivi mvuto huo unahamia zaidi kwenye sauti za watu wasio wa nyumbani. Uchunguzi ulikuwa wa sauti za akina mama, ila baba yeyote mwenye kijana anajua nazungumzia nini. Si kwamba ameacha kukuhitaji. Anajifunza kuishi na ulimwengu, na anahitaji kujua kwamba akigeuka nyuma upo.

Nikupe jambo moja la kwangu. Mwanangu mkubwa, sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, aliniambia si zamani kwamba utotoni alikuwa akijua jioni yake itakuwaje kwa jinsi nilivyoziweka funguo mezani nikirudi kazini. Nikiziweka taratibu, anatoka chumbani. Nikizitupa, anabaki huko. Mimi sikujua kama funguo zangu zinazungumza. Nililia siku ile, na nikamwomba msamaha akiwa na miaka 34. Kwa hiyo nakuomba uziangalie dakika zako za kwanza unapoingia mlangoni. Swali lako la kwanza likiwa "umesoma?", ndilo jina lako. Mwite kwa jina lake, mwangalie, mwonyeshe kwamba uso wako umefurahi kumkuta. Masomo yatafuata baadaye, hayakimbii.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye barua yako ambao uliupita haraka, nami nikaupigia mstari mara mbili. Mwalimu anasema anachorachora pembezoni mwa madaftari. Katika kurasa zote hizo, hicho ndicho kitu pekee ulichoniambia kuhusu yeye mwenyewe, na umekitaja kama hasara. Gonga mlango. Gonga, usiufungue tu. Mwambie mwalimu amesema unachora, nami sijawahi kuona. Ningependa kuona moja, ukitaka. Akikataa, sema sawa, siku nyingine, uondoke kwa upole. Akikuonyesha, usimpe maksi. Usiseme "nzuri sana", na kwa jina la Mungu usiseme "ungeweza kuifanya kazi hii". Muulize huyu ni nani, hapa ulianzia wapi, hiki kivuli umekifanyaje. Kaa chini, umsikilize.

Halafu itakuja siku atakayokupima. Hii siibahatishi, vijana wengi walioumizwa hivi hufanya. Atakuletea jambo baya, pengine dogo: amepoteza kitu, amedanganya mahali, ana alama mbovu ya jaribio la wiki. Atakuambia huku akitazama pembeni, na jicho moja liko usoni pako. Siku hiyo ndiyo mtihani wako wewe. Sentensi ya kwanza iwe umeshaitayarisha: "Asante kwa kuniambia." Mengine, hata adhabu kama inastahili, yaje baada ya hapo. Na hasira ikikupanda kweli, maana wewe ni binadamu na umelelewa ulivyolelewa, mwambie: "Nimekasirika, nahitaji saa moja, kisha tutazungumza." Saa moja ikiisha, rudi. Kurudi ndiko kutakakomwonyesha tofauti kati ya baba aliyekwenda kupoa na baba aliyemwacha.

Mvulana naye anasubiri jibu. Usilicheleweshe. Mwambie hakuna siku hata moja, na kwamba kwa dada yako nilikosea na nimemwomba msamaha. Mwambie pia kwamba ukijisahau ana ruhusa ya kukukumbusha, na akikukumbusha, usimkemee.

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka kwa maana zote mbili. Mlango uliofungwa mara nyingi ni ujana tu. Lakini ukiona haoni ladha ya chochote wiki baada ya wiki, hali, halali, anagawa vitu vyake anavyovipenda, ana alama za kujikata, au anasema afadhali asingekuwepo, usingoje barua yangu wala usingoje apoe. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo.

Ile simu iache juu ya kabati. Usimuulize kwa nini hajaifungua, usimwambie ni ghali, usimtume mdogo wake kuichokoza. Siku atakapoamini kwamba haina mkataba ndani yake ataichana plastiki mwenyewe, na pengine hutakuwepo kuona.

Ukiniandikia tena, na ningependa uniandikie, alama ziache. Niambie anachora nini.

Shangazi